Kauli ya Qaruni Mlangoni mwa Chuo Kikuu

Katika visa ambavyo Kurani Tukufu imetusimulia kuhusu watu waliokirimiwa kisha wakapotoka, hakuna kinijiacho akilini mara nyingi zaidi, kila yatangazwapo matokeo ya mitihani na magazeti yakajaa picha za vijana waliofaulu, kuliko kisa cha Qaruni, yule mtu wa kaumu ya Musa ambaye funguo za hazina zake ziliwaelemea watu wenye nguvu, na ambaye alipoonywa na watu wake asijitape, bali atende wema kama Mola alivyomtendea yeye wema, aliwajibu kwa jeuri kwamba yote aliyo nayo ameyapata kwa ilimu yake mwenyewe. Wafasiri wamehitilafiana kuhusu ilimu hiyo, wengine wakisema ni ujuzi wa biashara, wengine wakisema ni ile kimia ya kugeuza madini yakawa dhahabu. Lakini juu ya kosa lake hawakuhitilafiana, nalo si kuwa na mali, wala si kuwa na ilimu, bali ni ile hoja aliyoviunganishia viwili hivyo, ya kwamba mwenye akili anastahiki, na anayestahiki hadaiwi na mtu.

Hoja hiyo ndiyo itikadi isiyotamkwa ya mataifa mengi ya leo, ya Waislamu na ya wasio Waislamu, yanayowachuja watoto wao kwa mitihani, yakawapeleka wachache vyuo vikuu na kuwaacha wengi nje. Aliyeingia huambiwa tangu siku ya kwanza kwamba ameingia kwa juhudi yake. Aliyebaki huambiwa, kwa maneno au kwa kimya, kwamba amebaki kwa uzembe wake. Na wote wawili huamini. Basi suala ninalotaka kulitazama, ambalo uchumi umo ndani yake lakini halikwishi katika uchumi, ni hili: taifa linapowateua wachache, likawaepusha na jembe na jahazi, likawalisha na kuwasomesha kwa tamaa kwamba litaneemeka kwao, je, wateule hao wamepewa haki yao, au wamewekewa amana? Na ikiwa ni amana, aulizwe nani inapopotea?

Miaka zaidi ya mia tisa iliyopita suala hili lilimshughulisha mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa mteule wa wateule. Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa Tus katika nchi ya Uajemi mwaka 1058, alikabidhiwa mwaka 1091 kiti cha ualimu katika madrasa ya Nidhamia ya Baghdad, ambayo waziri Nidham al-Mulk aliijenga na kuiwekea wakfu mkubwa, ili wanafunzi wake wasome bila ya kusumbukia chakula, na dola ya Waseljuki ipate wanazuoni wa kuitegemea. Hapakuwa na cheo cha ilimu kilichokipita kile katika mashariki yote ya Uislamu. Alikikalia kwa miaka minne tu, kisha akakiacha pamoja na jaha yake yote, akashika njia ya Sham katika hali ya ufakiri. Na ni baada ya kuondoka huko ndipo alipotunga Ihyaa, ambayo nakala zake zimo katika nyumba nyingi za mashekhe wetu wa pwani, na ambayo mlango wake wa kwanza, mlango wa ilimu, aghalabu husomwa kwa ajili ya fadhila za mwanachuoni na kurukwa pale unapomshutumu.

Humo ameeleza kwamba ilimu ambazo umma hauwezi kusimama bila yake ni fardhi kifaya: wakitokea wa kutosha kuzitimiza, watu wote wamesalimika, na wasipotokea, mji mzima una dhambi. Na katika fardhi hizo hakutia fikihi pekee. Alitia utabibu, kwa kuwa miili inauhitaji. Akatia hisabu, kwa kuwa biashara na mirathi haziendi bila yake. Kisha akateremka, jambo ambalo mwanachuoni wa cheo chake hakulazimika kulifanya, akavitaja kilimo, na ufumaji, na uendeshaji wa dola, na hata kazi ya mpiga chuku na ya mshoni, akasema kwamba mji usiokuwa na mpiga chuku umejiweka katika njia ya kuangamia. Baada ya kuipanga orodha hiyo ndipo alipowageukia wanafunzi wa zama zake. Akalalamika kwamba miji mingi haina tabibu ila asiyekuwa Mwislamu, na hakuna anayejishughulisha kuusoma utabibu, hali ya kuwa watu wamerundikana kwenye fikihi, hususan ile ya khilafu na mabishano, katika miji ambayo imekwisha kujaa watoaji fatwa. Na sababu yake akaitaja waziwazi: utabibu haumfikishi mtu kwenye usimamizi wa wakfu, wala kwenye kutekeleza wasia, wala kwenye kushika mali za mayatima, wala kwenye ukadhi, wala kwenye kuwatangulia wenzake.

Yafaa tusimame hapa kidogo, kwa sababu wengi huyasoma maneno haya kama mawaidha juu ya tamaa ya vijana, nami naona yana zaidi ya hayo. Vijana wale hawakuwa wajinga. Walikuwa ndio werevu kuliko wote, na werevu wao ndio uliowaonyesha kwamba mkono wa mji uliokuwa ukigawa mali na heshima ulielekea kwa kadhi, haukuelekea kwa tabibu. Walipiga hesabu, na hesabu yao ilikuwa sahihi. Aliyekosea ni mji. Na kwa kuwa fardhi ile ni ya mji mzima, dhambi ya kukosekana tabibu haimwangukii mwanafunzi mmoja aliyechagua fikihi na kumwacha huru waziri aliyezipanga posho, na tajiri aliyeliandika sharti la wakfu; na Ghazali, ambaye alikula posho hizo, alijua vyema zilikotoka.

Wataalamu wa uchumi wa zama zetu wamelifikia jambo hili kwa njia ndefu. Mwezi wa Desemba 1960 Theodore Schultz, akiwahutubia wanauchumi wenziwe wa Marekani waliomfanya rais wa chama chao, alidai kwamba kukua kwa mali ya mataifa hakufahamiki kwa kuhesabu mitambo na ardhi peke yake, maana maarifa ya watu nayo ni rasilimali iwekwayo ikazaa. Na miezi michache baadaye, Mei 1961, wakuu wa elimu wa nchi za Afrika walipokutana Addis Ababa, fikra hiyo ilikuwa imekwisha kuwa kama nguzo ya imani, kwamba nchi ikizidisha skuli na vyuo utajiri utafuata nyuma. Haukufuata kwa wepesi huo. Ziko nchi zilizozidisha wasomi wake mara nyingi na pato la mwananchi likabaki karibu na pale lilipokuwa. Ndipo baadhi ya watafiti walipoacha kuuliza wamesoma wangapi, wakauliza waliosoma wamekwenda wapi. Mwaka 1990 William Baumol aliandika kwamba watu wenye ujasiri na werevu hawakosekani katika zama yoyote, ila kanuni za malipo za zama hiyo ndizo ziwaelekezazo ama kwenye kuzalisha, ama kwenye kunyang'anyana kilichokwisha kuzalishwa. Na mwaka uliofuata Kevin Murphy, Andrei Shleifer na Robert Vishny wakazilinganisha nchi nyingi, wakaona kwamba zile ambazo wanafunzi wake wengi husomea uhandisi zilikua upesi zaidi, na zile zilizosheheni wanafunzi wa sheria zilikwenda polepole. Hesabu ya namna hiyo haithibitishi sababu, na mawakili wana haki ya kuipinga, kazi ambayo bila shaka wataifanya kwa ufasaha. Mtu wa Tus, walakini, angewasikiliza hadi mwisho bila ya kustaajabu.

Wako watakaosema kwamba dawa ni kuufanya mtihani uwe wa haki, kisha mengine yatajitengeneza. Uchina ililifanya jambo hilo kwa miaka ipatayo 1,300, tangu mwanzo wa karne ya saba hadi mwaka 1905. Watahiniwa walifungiwa katika vyumba vyembamba, kila mmoja peke yake, na kwa karne nyingi majibu yao yalinakiliwa upya na makarani ili msahihishaji asiutambue mwandiko wa mtoto wa rafiki yake. Na mtoto wa mkulima aliweza, kwa nadra lakini kwa hakika, kupanda hadi kwenye baraza la mfalme. Sijui mtihani wa zama zile uliokuwa mwadilifu kuliko ule. Lakini nyuma ya mlango huo hapakuwa na kitu ila utumishi wa dola, na kwa hivyo akili bora za nchi kubwa kama ile zilizeeka juu ya insha za mpango mmoja, huku waliovumbua na waliofanya biashara wakihesabiwa kuwa watu wa daraja la chini. Na miongoni mwa walioanguka, Hong Xiuquan, aliyejaribu mara nne asifaulu, aliishia kuongoza uasi wa Taiping, ambao ulipoteza roho za mamilioni ya watu. Uadilifu wa mlango ni jambo moja. Kilichowekwa nyuma ya mlango ni jambo jingine, na la kwanza halilipii la pili.

Nasi tulioko Afrika Mashariki tuna masimulizi yetu. Makerere, ambayo kwa miaka mingi jina lake lilimaanisha kilele cha usomi kwa watu wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, ilifunguliwa mwaka 1922 ikiwa skuli ya ufundi yenye wanafunzi 14, waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Kufikia mwaka 1949 ilikuwa chuo kikuu kishiriki chini ya London, na useremala ulikuwa umesahauliwa. Chuo cha Dar es Salaam nacho kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na kitivo chake cha kwanza, na cha pekee kwa wakati huo, kilikuwa cha sheria. Huenda mtu akadhani kwamba hapa Ghazali angeghadhibika. Mimi sidhani, maana nchi iliyokuwa ikiingia katika utawala wake wenyewe, na wanasheria wake wazalendo wakihesabika kwa vidole, ilikuwa na upungufu wa kweli katika fani hiyo, na kuuziba kulikuwa ni fardhi. Tangu mwaka 1963, chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, nchi tatu ziligawana gharama: Makerere ikishika utabibu, Nairobi uhandisi, Dar es Salaam sheria, mpango wenye busara, lakini kila upande uliona aibu kukosa kilicho kwa jirani, na mwaka 1970 mpango ukavunjika.

Lakini tukio ambalo nadhani wanafalsafa wetu hawajalichimba vya kutosha ni lile la Oktoba 1966. Serikali ya Tanzania ilikuwa imeamua kwamba wahitimu wa vyuo waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wapatao 400 waliandamana hadi Ikulu, baadhi yao wamevaa majoho ya chuo, na bango mojawapo likadai kwamba zama za mkoloni zilikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawafukuza, akawarudisha makwao; na katika hasira ileile, ambayo ilimgeukia yeye pia, akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa wanafunzi wale walirejeshwa mwaka uliofuata, baada ya nchi kuwa na Azimio la Arusha na maandiko ya Elimu ya Kujitegemea.

Nyerere alikuwa amekwisha kuitoa hoja yake kabla ya hapo, kwa mfano wa kijiji chenye njaa ambacho wenyeji wake wamempa mtu mmoja chakula chote kilichosalia, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea msaada. Naye akila asirudi, ni msaliti. Ni mfano wenye nguvu, na mimi siuoni upungufu wake katika kile unachomdai msomi. Naona upungufu wake katika kile unachokinyamazia, nacho ni kwamba msafiri yule aliwekewa njiani, na watu walewale wa kijiji, nyumba ya starehe iliyotengwa kwa ajili yake. Wanafunzi wa 1966 hawakuibuni mishahara ya makarani wakuu na makatibu. Waliikuta, imerithiwa kutoka kwa wakoloni na kuachwa vilevile kwa miaka mitano ya Uhuru, na waliahidiwa hiyo tangu siku waliyokaa kwenye dawati. Walisema kauli ya Qaruni, ndiyo, na tena kwa mabango; lakini Qaruni huyo walifundishwa darasani. Ule uamuzi wa kupunguza mishahara ya juu, ambao wengi huutaja kama tendo la mwisho la tukio lile, kwa fikra yangu ndio uliostahiki kuwa tendo la kwanza.

Jaribio lililofuata lilikuwa gumu zaidi. Kwa Azimio la Musoma la Novemba 1974 iliamuliwa kwamba kijana asiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka skuli, bali afanye kazi kwanza, na aingie kwa ushuhuda wa mahali pake pa kazi na wa chama kuhusu mwenendo wake. Yaani nchi ilitaka kuichagua nia, si kumbukumbu tu. Nani asiyetamani jambo hilo? Walakini nia ni baina ya mja na Mola wake, na mwanadamu anapoitwa kuishuhudia hashuhudii ila dhahiri. Na dhahiri ikishakuwa ndiyo bei ya kupanda, watu huifanyia mazoezi, ikawa riya, ambayo Ghazali aliiandikia kitabu kizima katika Ihyaa kwa sababu alijua kwamba ndiyo maradhi ya watu wa ilimu. Idadi ya wasichana vyuoni ilipungua, na haukupita muda mrefu utaratibu ukalegezwa kwa ajili yao. Tangu hapo naona kwamba mtihani usiojua jina la mtahiniwa, pamoja na ukavu wake wote, ni dhuluma ndogo kuliko barua ya mkubwa. Mtihani hupima kumbukumbu, barua hupima ukaribu, na ada hupima mfuko wa baba.

Na tusiisahau nasaba, maana sisi wa pwani tusijitoe lawamani. Ilimu ya dini yenyewe, ambayo asili yake ni ya kila mja, katika miji yetu ya zamani ilishikwa sana na nyumba chache za masharifu na waungwana. Na Habib Saleh, mwasisi wa Riyadha ya Lamu, ambaye naye alikuwa sharifu, alipokaa kuwasomesha watu wa daraja za chini, wakiwamo waliotoka katika utumwa, wakubwa wa mji hawakufurahi. Leo wageni wanaofika Lamu kwa ajili ya Maulidi huenda Riyadha. Waliozuia ilimu kwa ukoo walijidai kujua Mwenyezi Mungu ameziweka wapi akili, na huo ni ujuba mkubwa kuliko wa Qaruni, ambaye angalau aliizungumzia akili yake mwenyewe.

Narudi kwenye ufundi, maana hapo ndipo mwenendo wetu unapoonekana kama ulivyo. Mombasa, katika miaka ya mwanzo ya 1950, ilipata chuo cha ufundi kilichoanzishwa kwa ajili ya vijana wa Kiislamu, kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Unguja, Mabohora na serikali ya kikoloni, ambacho watu walikijua kwa jina la MIOME. Na kusudi lake lilikuwa kuwapa watoto wa pwani kazi ya mikono na mitambo katika bandari iliyokuwa mbele ya macho yao. Chuo hicho leo ni chuo kikuu, tangu mwaka 2013, kama kilivyopandishwa mwaka huohuo kile cha ufundi cha Nairobi. Siwalaumu waliokipandisha, maana mwalimu wa ufundi ana haki ya kutaka heshima ileile aipatayo mwalimu wa falsafa, na chuo kikuu cha ufundi si kitu kibaya. Ila naiona njia ileile ya Makerere: kila tunapojenga mlango wa mkono, hautulii mpaka uwe mlango wa kalamu; na sababu yake haimo katika hulka ya Waafrika, kama walivyokuwa wakidai baadhi ya walimu wa kikoloni, bali imo katika jedwali la mishahara, ambalo kijana wa miaka kumi na sita hulisoma vizuri kuliko Waziri wa Elimu.

Siku hizi limeongezwa jambo ambalo Ghazali hakulijua. Kenya tangu mwaka 1995, na Tanzania tangu 2005, zimeweka bodi za kuwakopesha wanafunzi wa elimu ya juu, na aliyesoma hulipa kwa kukatwa mshahara mwezi kwa mwezi. Kwa upande wa hazina ya serikali hoja yake inafahamika, kwa kuwa si haki mkulima asiye na mtoto chuoni alipe kodi ili amsomeshe mtoto wa karani. Lakini mkopo umeigeuza sura ya wajibu. Amana haina siku ya mwisho. Deni linayo, na siku hiyo ikifika msomi hupewa karatasi inayomwambia kwamba hadaiwi. Nao ndio ule mwisho wa hoja ya Qaruni, safari hii ukiwa na muhuri wa serikali.

Mafakihi wamesema kwamba fardhi kifaya huwaelekea kwanza walio karibu, na wakishindwa au wakipuuza huwafikia walio mbali kidogo, na hivyo hivyo. Kwa kipimo hicho tabibu aliyesomeshwa Muhimbili au Mulago, kisha akaenda kutibu wagonjwa wa Uingereza au wa Ghuba, ana la kujibu, hata kama mkopo wake ameumaliza. Lakini kabla ya kumkabili yeye nakumbuka yaliyotokea mwaka 2017. Kenya, baada ya mgomo mrefu wa madaktari wake, iliiomba Tanzania madaktari 500, na Tanzania ikakubali kuwatoa. Mahakama ya Kenya ikalizuia jambo hilo, na Rais Magufuli akaamuru wale 258 waliokwisha kuomba na kukidhi sifa waajiriwe nchini mara moja. Watu hao walikuwa wamefaulu mitihani, wamesomeshwa, wapo tayari, na hospitali za wilaya za Tanzania ziliwahitaji kabla ya ombi la Kenya kama zilivyowahitaji baada yake. Kwa muda wote waliokaa bila ya kazi fardhi ya utabibu ilikuwa imeachwa, na sioni kwa hukumu ipi dhambi yake ingeandikwa juu yao.